Mlango wa Abiria

Siku ya mnada Makambako, Emilia, aliyetoka Njombe, alishuka kwenye Corolla nyeupe kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Sweta lake jekundu lilikuwa kavu, ila kitenge kililowa chapachapa upande wa mlango. Lameki, anayefufua mipira na plastiki za magari makuukuu, alimwona akikikamua.

"Dada, mvua umeipa lifti?"

"Cheka tu. Mipira ya milango imekufa."

"Haijafa. Imekauka, inataka mtu wa kuijali."

Aliiosha kwa maji ya sabuni, akaikausha, akaipaka glisarini kila mkunjo. Hata bampa lililopauka likarudia weusi wake.

"Urudi wiki ijayo," alisema. "Mipira hii inadeka."

Uongo mtupu! Ikipakwa vizuri hukaa miezi. Lakini Lameki alikuwa akila peke yake, akilala peke yake, na mapenzi hayana aibu.

Emilia alirudi, akarudi tena. Usiku simu zikawa ndefu.

"Umelala, mpenzi?"

"Nitalalaje na baridi hii ya Njombe? Nyumba nzima ni mimi na paka."

Kisha fundi mmoja wa Njombe akamcheka Emilia: mipira kupakwa kila wiki ya nini? Emilia akampigia Lameki simu.

"Tangu baba afariki nilimwamini mtu mmoja tu, Lameki. Kumbe unanichezea!"

"Emi, nisikilize..."

Akakata, na hakupokea tena. Mvua zilinyesha mfululizo. Kule Mjimwema, mtaani kwake Njombe, Emilia alipika wali, nusu ukalala sufuriani; alishika simu, akaiweka. Makambako, Lameki aliinua shingo kwa kila Corolla nyeupe iliyopita, akaona haya mwenyewe.

Jumamosi moja, Corolla ya Emilia ikasimama mbele yake.

"Mpira umechanika," Emilia alisema bila salamu. "Mlango wa abiria."

Lameki aliupapasa. Mpira uliokauka hupasuka ovyo. Huu ulikuwa na mstari ulionyooka.

"Huu umekatwa na kisu."

Emilia alitazama barabarani. "Cha jikoni."

"Mbona upande wa abiria?"

"Upande wangu ningelowa. Ule hakuna anayekaa." Akamgeukia. "Ungesema tu siku ile kwamba uko mpweke. Ningekuja."

"Niko mpweke, Emi. Nisamehe."

"Mpira utauziba lini?"

"Kesho. Leo gundi haitashika, kumelowa."

Lameki akafungua mlango wa abiria, akaketi kwenye kiti kile kilicholowa, akaufunga.

"Washa gari, mama. Twende kwako."