Aliyeitikia Uwanjani

Jioni ile Anatory aliwaaga wenzake kwamba anakwenda kutafuta betri ya saa. Uongo mdogo tu. Afisa utamaduni wa wilaya hawezi kumwambia mkurugenzi wake kwamba amevuka bahari kumfuata babu.

Kwa mujibu wa barua, safari ilikuwa ya mafunzo. Kwa kuwa Biharamulo kuna boma la Wajerumani, mji mmoja mdogo wa huko Ujerumani uliwaalika maafisa watatu waje kuona majengo ya kale yanavyotunzwa. Kibali kilipita kwenye saini saba. Siku ya kuondoka, mama yake, Speciosa, alitoka Murusagamba kwa gari la alfajiri kumletea kitu kisichohitaji saini: jani kavu la mgomba na kamba yake.

"Wajukuu wawili nimezika," alinong'ona, "wote wana miaka saba. Bernadetha wako anatimiza saba mwezi ujao, na miguu imeshalegea. Ni Rwekaza. Anataka kwao."

Rwekaza alikuwa babu wa baba yake Anatory. Wajerumani walimchukua pale bomani na wenzake, wakaenda kuwaonyesha uwanjani huko kwao Ujerumani, kama wanyama. Hakurudi.

"Chota vumbi alipoishia, mwite mara moja, funga fundo. Kabla ya fundo usimsalimie mtu, mwanangu. Atakayekuitikia ndiye utakayerudi naye."

Uwanja wenyewe ulikuwa mpana, umetandikwa mawe meusi yaliyobanana kama meno. Nyumba ndefu, nyembamba, zimeuzunguka pande zote nne mfano wa watu wanaotazama ajali. Katikati, jemadari wa shaba juu ya farasi, kofia imejaa mavi ya njiwa; kila serikali ina namna yake ya kuenzi mashujaa. Mchana walipitishwa mitaa ya jirani, ya waokaji, ya watengeneza ngozi, hadi makumbusho. Humo Anatory aliipiga picha kwa simu picha moja ya zamani. Watu tisa wamekaa chini juu ya mawe haya haya. Wa kumi amesimama nyuma yao. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa na pua ya baba yake.

Sasa alichuchumaa palepale, akakwangua vumbi kwa ufunguo wa hoteli, akalimimina kwenye jani.

"Rwekaza..."

Kengele ya kanisa ikanyamaza katikati ya mlio.

Harufu ikaja. Ngozi mbichi... iliyolowa.

Viatu vikasimama mbele yake. Akainua macho. Mzee mrefu, mweusi kama yeye, amevaa kaki iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Katika mji ule mzima, wiki nzima, sura ya kwanza ya nyumbani. Kamba ilikuwa mkononi, fundo bado nusu.

"Shikamoo, mzee."

Ilimtoka kama chafya. Murusagamba mtoto hufundishwa hilo kabla ya kunawa uso.

"Marahaba," mzee akajibu, polepole, kama mtu aliyelisubiri neno hilo miaka mia.

Fundo likajikaza lenyewe.

Mzee hakuwepo.

Anatory alijiambia ndiye. Babu ameitikia, angekuwa nani mwingine? Aliporudi nchini, afisa uhamiaji aliuliza, "Na mzee uliyenaye, fomu yake iko wapi?" Kisha akafikicha macho, akagonga muhuri. Stendi ya Lusahunga, kondakta wa basi alimwinua mama mmoja: "Mpishe mzee wa watu akae." Alipoteremka kwenye gari la mwisho, Murusagamba, Danstan wa bodaboda, ambaye hubeba watu wanne na mbuzi, alitikisa kichwa.

"Bosi, mishikaki sibebi."

"Mishikaki gani? Si niko peke yangu!"

Danstan alitazama nyuma ya bega lake. Akawasha pikipiki, akaondoka bila abiria.

Speciosa alikuwa ameweka kigoda na kibuyu cha pombe ya ndizi kizingitini. Alilipokea furushi kwa mikono miwili. Akalinusa.

"Umemsalimia mtu."

"Mzee tu, mama... Kavaa kaki..."

Akatoa simu, akaifungua ile picha. Watu tisa bado wamekaa juu ya mawe. Nyuma yao, pale alipokuwa amesimama askari mwenye kaki na kiboko mkononi, ukuta mtupu.

"Rwekaza hakuvaa kaki," mama alisema. "Rwekaza alichapwa na kaki."

Ndani, Bernadetha akasema kwa sauti nzito ya mwanamume:

"Moja."

Adhabu ya bomani ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Huku kila mtu anajua. Kila magharibi mtoto hutaja namba inayofuata, na mstari mmoja huvimba mgongoni. Padri alikuja. Mganga alikuja. Wote waliondoka wakinusa viganja vyao. Furushi walilichoma moto likakataa kuungua. "Arudishwe alikotolewa," Speciosa alisema, "hakuna kingine."

Anatory aliomba kibali upya. Madhumuni ya safari: kurejesha mali ya makumbusho. Jibu limefika leo mchana, lina saini moja kati ya saba. Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa. Aidha, unakumbushwa kuwasilisha taarifa ya safari ya awali.

Jana Bernadetha alisema ishirini na nne.

Jua linazama nyuma ya migomba, upande wa Burundi. Anatory amemlaza mtoto mapajani, kiganja kimefunika kile kipande kidogo cha mgongo kilichobaki laini.

Kigoda cha kizingitini kimelia, kama kinavyolia mtu anapoinuka.

Harufu ya ngozi mbichi imeingia ndani.

Bernadetha amefungua mdomo.