Kiti Kilichokataa Kupoa

Mwalimu aliweka mkoba kwenye kiti cha abiria, akaurudisha mkono haraka. Kiti kilikuwa na joto. Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha, vioo vimejaa umande, na swichi ya kupasha viti ilikuwa imezimwa.

Alipowasha injini, kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile inayolia abiria akikaa bila kujifunga. Akauhamishia mkoba nyuma. Kengele ikaendelea. Akaufunga mkanda juu ya kiti kitupu, nayo ikanyamaza.

Hakushtuka. Tangu amzike mkewe hakuwa akishtuka, wala kucheka, wala kusikia chai ikimuunguza ulimi. Watu walimsifu kwamba amepiga moyo konde. Konde gani? Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi.

Binti yake, waliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, alikipita kiti cha mbele akaketi nyuma.

"Hapo pana mtu," alinong'ona, na njia nzima hadi shuleni hakutia neno jingine.

Fundi umeme wa magari alikuwa mtu wa mzaha. "Wenzako wanalia viti vyao havipati moto, wewe unalia chako kinapata. Mwalimu, wewe huridhiki."

Aling'oa fyuzi. Akachomoa plagi ya chini ya kiti, akapima kwa mita; umeme haukuwepo hata chembe. Kisha akaweka kiganja juu ya kiti, na mzaha ukamwisha. Joto halikuwa limeenea kote. Lilikuwa na umbo la mapaja na mgongo wa mtu aliyekaa.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "mambo ya majini mimi siyajui. Ila hapa umeme haupiti."

"Nitengenezee tu, fundi. Mtoto hataki kukaa mbele."

Fundi akashika analolijua. Ubovu ukikushinda kuuona, hamisha kifaa uone kama nao utahama. Alifungua vitambaa vya viti vyote viwili, akaitoa pedi ya joto ya abiria akaiweka kwa dereva, na ya dereva, iliyokufa miaka mingi, akaipeleka kwa abiria.

Joto likahama.

"Basi mwenye makosa ni pedi," fundi alisema, lakini hakumtazama usoni. "Nitaitafuta nyingine. Ile ukiirudisha nitaitupa mwenyewe."

Mwalimu hakuirudisha. Njiani kurudi nyumbani joto lilimkumbatia mgongo, na hilo ndilo jambo la kwanza alilolihisi tangu mazishi. Ni yeye, alijiambia. Amerudi kunipasha. Akawa anakaa garini hata akishafika, mikono kwenye usukani, haendi popote. Chiriku naye alirudi kiti cha mbele, maana sasa kilikuwa baridi kama viti vingine.

Asubuhi moja wakiwa njiani, binti alikunja pua.

"Baba, kitu kinaungua."

"Injini tu hiyo, mwanangu."

"Si injini. Ni shati lako. Linatoa moshi."

Mwalimu alisimamisha gari kando ya barabara, akapeleka mkono mgongoni. Kitambaa kilimeguka vidoleni, na chini yake ngozi ilikuwa imelowa. Hakusikia maumivu yoyote.

"Usiogope," alisema taratibu. "Ni mama yako. Anatupasha joto."

Chiriku alimtazama kwa huruma, kana kwamba mtoto ni baba. "Mama hakupenda joto. Alikuwa anafungua dirisha hata kwenye baridi."

Ndipo akakumbuka, na kule kulisahau jambo hilo ndiko kulikomtisha, kwa sababu miaka yote ya ndoa walikuwa wakigombania dirisha lile, yeye akitetemeka na mkewe akicheka, na sasa akaupapasa mkanda aufungue, mkanda ukagoma, akavuta, ukamkaza kifuani, na nyuma yake kitu kikajisogeza karibu zaidi, polepole, kama mtu anayejiweka sawa kitandani.

"Chiriku, toka," alinong'ona.

Mtoto hakutoka. Alijinyoosha juu ya magoti ya baba yake, akabonyeza swichi ya dirisha. Kioo kikashuka, baridi ikaingia, na mkanda ukaachia.

Walitoka wameshikana mikono. Mwalimu alikuwa amechomoa ufunguo. Hatua chache tu, mgongo ukaanza kuuma, ukauma hasa, naye akalia kwa sauti pale barabarani, akamlilia mkewe kwa mara ya kwanza, na Chiriku akamshika kiuno.

Nyuma yao kengele ya mkanda ilikuwa ikilia ndani ya gari lililozimwa. Kisha mkanda ukasikika ukijifunga, kengele ikanyamaza.

Mwalimu aligeuka, ufunguo ukiwa mkononi mwake. Kioo cha dirisha kilikuwa kikipanda taratibu, mpaka kikafunga.