Mgeni Katika Damu ya Kipusa

Damu ya Kipusa ilinukia marashi.

Dada yake, mpimaji wa maabara ya hospitali, alidhani pua inamchezea, maana damu hunuka chuma. Alikuwa amemtoa damu hiyo kwa pupa, roho juu, hata akafanya kosa analowagombezea wanagenzi kila siku: aliirudishia sindano kifuniko chake. Ikamdonoa kidole. Akakinyonya, akajiambia si kitu.

"Ulidungwa nini kule saluni?" alinong'ona.

"Dawa ya kung'arisha mwili, dada. Chupa haikuwa na maandishi." Kipusa, aliyebandikwa jina hilo na mtaa mzima kwa kupenda vioo, alilala kwenye benchi, fizi zikimvuja, miguu imejaa vidoa vyekundu. "Usimwambie mama. Kuna mtu anaongea humu, kwenye mshipa."

Dada aliinamia hadubini. Alijua cha kutegemea. Kitu kigeni kikidungwa mwilini, chembe nyeupe, askari wetu, hukivamia na kukimeza. Chembe sahani, mafundi wa kuziba nyufa, hukimbilia penye jeraha. Lakini katika tone lile mafundi walikuwa wamegandana mahali pamoja wakajenga ukuta, na askari, ambao hawana adabu mbele ya mgeni yeyote, walikuwa wamejipanga kandokando na kuacha njia, kama watumishi wanaompisha bwana wao, na katika njia ile kivuli kilitembea polepole, kikaja mpaka chini ya lenzi, kikasimama, na dada akahisi, Mungu wangu, kwamba yeye ndiye anayetazamwa.

Kioo chenye lile tone kikagongwa kwa ndani. Ko. Ko.

Siri ikaishia hapo; dada alimweleza mama yote. "Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alilia, akaenda kumleta mpunga majini, bibi mfupi mwenye sauti ya kufokea mbuzi.

"Toka!" bibi alifoka. "Mwili huu una mwenyewe!"

Kinywa cha Kipusa kikacheka kwa sauti nzito isiyo yake. "Mbona kelele? Nimeshahama."

Mama akapiga vigelegele. Bibi peke yake hakufurahi. Alikusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake fizi zilikauka. Dada alipima tena damu ya mdogo wake: ilinuka chuma, na askari walikuwa wakirandaranda na ubishi wao wote. Alilia kwa furaha. Kisha, kama walivyozoea pale maabara, akajidonoa atoe tone lake la kulinganishia.

Marashi yalimfikia kabla hajainama. Damu kidoleni haikukoma.

"Dada!" Kipusa aliita kutoka ukumbini, akija mbio. "Nimepona?"

"Umepona, mdogo wangu," alijibu, akaufunga mlango kwa ndani kabla Kipusa hajafika kumkumbatia.