Ndege wa Buluu Kidakani

Mwanaheri alikaa na Bibi yake katika nyumba ya mawe. Ukutani mlikuwa na vidaka, vijishimo vya kuwekea vyombo.

Kidaka cha juu kilikuwa na mtungi mweupe wa kauri, kutoka Uchina. Ulikuwa mkongwe kuliko Bibi. Mkongwe kuliko hata bibi yake Bibi!

Kwenye mtungi alichorwa ndege wa buluu. Amekaa juu ya tawi. Peke yake.

"Ndege, ndege wa buluu, mwenzio yuko wapi?"
Kimya. Ndege hakujibu.

"Bibi, upande wa nyuma kuna nini?"
"Babu yako ndiye aliyejua. Aliupangusa yeye, kila Ijumaa. Mimi naogopa kuuvunja."

Lakini Babu alikuwa amefariki, Mungu amrehemu. Mtungi ulijaa vumbi. Na Bibi siku hizi alikula matonge mawili tu, akanawa.

Labda ndege naye hali chakula, kwa upweke, aliwaza Mwanaheri.

Akachukua wali uliobaki. Akapanda juu ya kasha. Akamwekea ndege punje saba.

"Ndege, ndege wa buluu, mwenzio yuko wapi?"
Kimya. Ndege hakujibu.

Asubuhi, tiki-tiki-tiki! Mstari mweusi ulipanda ukutani, mpaka kidakani.

"We, mke mwenzangu!" Bibi aliita. "Umemlisha ndege, au umewaalika sisimizi harusini?"

Bibi alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Babu afariki.

"Nilimhurumia, Bibi. Yuko peke yake."

Bibi akajifunga kanga kiunoni.

"Bismillahi. Shika chini, nami nishike juu."

Pole, pole, pole... mtungi ukatua mkekani.

Fu, fu, fu, wakapangusa vumbi. Wakaugeuza taratibu. Tawi likaenda. Likaenda. Ua. Jani. Ua jingine.

"Ndege!" Mwanaheri alipiga kelele.

Ndege wa pili! Amekaa juu ya tawi lilelile, mdomo wazi, anaimba.

"Kumbe!" alisema Bibi. "Miaka yote hii alikuwapo. Ni sisi tu hatukumwona."

Akamtazama sana. "Alhamdulillahi."

Mchana ule Bibi alikula tonge la tatu. La nne. La tano! Sinia ikawa nyeupe.

"Leo sisimizi hawana chao!" alisema Mwanaheri.

Usiku, Mwanaheri alijifunika shuka. Akanong'ona:

"Ndege, ndege wa buluu, mwenzio yuko wapi?"

Ndege hakujibu. Bibi ndiye aliyejibu, kando yake kitandani.

"Yupo, mjukuu wangu. Yupo upande wa pili. Lala."