Ruru Yangu

Siku walipokutana, Kirezi alimzaba Cassien kibao. Katika msongamano wa mafundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, kijana huyo alikanyaga pindo la gauni jipya la kitenge la Kirezi, likachanika hadi gotini. Cassien alijishika shavu, akaomba radhi, akasubiri pale pale mpaka fundi alipolishona. Baada ya miezi minne walikuwa wakipigiana simu asubuhi, mchana na jioni.

Norman, kaka yake Kirezi, aliyekuwa na ghala la dawa, aliwafukuza wajomba wa Cassien walipokuja kuposa. Hata hivyo kazi ya kompyuta za ghala alikuwa ameshampa.

Jumatatu, Cassien akiwa mbali, mtaa wa Kagugu, alimtajia Kirezi aliyekuwa ghalani nenosiri kwa simu ili amalizie kuweka programu mpya. Ikakwama: huduma imeshindwa kuanza. Kirezi akajaribu mara nne. Akafungua kumbukumbu za makosa, akasoma kwamba nenosiri la akaunti ya huduma si sahihi. Nje magari ya hospitali yalisubiri dawa.

Norman akasema yule Mrundi amewafungia makusudi, analipiza kisasi cha posa. Kirezi hakumtetea.

Cassien alipofika, alipokewa na ngumi. Norman akambamiza kwenye rafu, chupa zikapasuka, kisha akanyakua nondo akampiga mkononi. Mfupa ukalia.

“Toa nenosiri, mbwa wewe.”

Cassien akatema damu na jino. “Nirimwambia kwa simu. Ruru yangu. Bira nafasi.”

Kirezi aligeukia kompyuta. Yeye, aliyekulia Mwanza, alisikia “ruru” akaandika “lulu”, kama alivyozoea kumsahihisha mpenzi wake kwa utani. Kumbe Cassien wa Bujumbura huandika anavyotamka. Akaandika *ruruyangu*. Huduma ikaanza.

Norman hakutazama, nondo ilikuwa juu tena. Kirezi akanyanyua kiti cha chuma, akamshindilia nacho mgongoni. Norman akaanguka juu ya vioo.

“Kosa ni langu, kaka. Mimi ndiye niliyekosea kuandika.” Akapiga magoti mbele ya Cassien. “Nisamehe, mpenzi. Nilinyamaza.”

“Urinyamaza sana,” Cassien alisema, akamwegemea.

Norman, viganja vikivuja damu, akaiona skrini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wale wajomba warudi Jumamosi, atawapokea.

“Hawarudi,” Kirezi alisema. “Nampeleka hospitali. Tukitoka huko, naenda kuishi kwake.”