Jumanne za Tijana

Foleni ya samaki katika soko la Kalenić ilikuwa ndefu Jumamosi ile, na jua la Septemba halikuwa na huruma. Watu wa Belgrade walikuwa na fulana na kandambili. Mwanamke mmoja tu, mwenye gauni la kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, alikuwa amevaa glavu za sufu.

Obrad, muuza samaki, pande la mtu la miaka thelathini na minane, hakuweza kunyamaza.

"Dada, theluji imeanguka mtaani kwenu peke yake?"

"Imeanguka. Nipe huyo mkubwa, na umparue magamba vizuri."

"Au unaogopa upepo? Mama yangu akiona madirisha mawili yako wazi kwa pamoja, anaanza kutupangia mazishi."

"Mimi naogopa wauza samaki wenye maneno mengi."

Foleni nzima ilicheka, na Obrad alicheka kuliko wote. Jumamosi iliyofuata Tijana alirudi, safari hii bila glavu. Ya tatu walikunywa kahawa. Kufikia Oktoba wachuuzi wa kabichi walikuwa wameshawaozesha.

Sasa nikwambie ambalo Obrad hakuambiwa. Tijana alikuwa mshonaji wa mavazi ya waigizaji, na mwezi Julai alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Uvimbe ulitolewa, lakini daktari hakuridhika: mbegu zake huenda zilishasambaa, ndogo mno kuonekana. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, alikaa kwenye kiti cha hospitali akatundikiwa dripu kwa saa kadhaa. Alirudi nyumbani na kichupa kiunoni kikiendelea kumsukumia dawa nyingine hadi Alhamisi.

Nesi Zorka, mama mnene asiyependa kuzungusha maneno, alimweleza siku ya kwanza.

"Seli ya saratani kazi yake ni kuzaana. Dawa hii ina madini ya platini. Inaingia ndani ya seli, inabana ule uzi wenye maagizo ya uzazi, usiweze kunakiliwa. Ile ya kichupa inajifanya tofali la kujengea uzi huo. Seli ikilitumia, ujenzi unakwama, inakufa."

"Na seli zangu nzuri?"

"Dawa haina macho, binti yangu. Chochote kinachozaana haraka kinapigwa: ngozi ya mdomoni, utumbo, uboho unaotengeneza damu. Utapata vidonda, utahara, utachoka. Halafu tunakupa wiki mbili ujijenge."

"Nywele?"

"Dawa zako hupunguza tu. Zipo zinazonyonyoa zote, si hizi. Ila platini inachokoza neva. Siku chache baada ya dripu usiguse kitu baridi, wala usinywe. Vidole vitachomwa kama kwa sindano, na koo litajihisi limefungwa."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tijana hakuwaficha madaktari. Aliwaficha watu, kwa sababu mjini pale neno saratani linasemwa kwa sauti ya chini, na ukishatajwa nalo watu wanakutazama kama picha ya marehemu ukutani. Alitaka mtu mmoja tu anayemtania bila kumhurumia. Na kwa kuwa nywele zilikuwa kichwani, nani angemshuku?

Shida ilikuwa mikono ya Obrad. Mtu anayeshika barafu kutwa hana mkono wa joto. Wiki moja Tijana alimwachia vidole vyake njia nzima hadi kituo cha tramu. Wiki iliyofuata, alipoguswa tu, aliruka.

"Mpenzi, nanuka?" Obrad alimuuliza kwenye simu.

"Hunuki, mpumbavu wangu."

"Basi mbona unanikimbia? Jana nimekupigia mara sita."

"Jana Jumanne. Nilikuwa na kazi."

"Jumanne ile nyingine ulipokea."

Tijana alibadilisha mazungumzo, akauliza bei ya samaki. Obrad alijibu, lakini moyoni mwake wivu ulikuwa umeshavuta kiti na kukaa.

Tarehe kumi na tisa Desemba ni siku ya Mtakatifu Nikola, na kwa kina Obrad ndiyo slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Ni siku ya mfungo, nyama hailiwi, kwa hiyo wiki nzima muuza samaki hulala amesimama. Ilikuwa Alhamisi. Tijana alivuliwa kichupa saa sita, na saa tisa alikuwa mlangoni kwao na gauni la mahameli la rangi ya zabibu alilolishona mwenyewe. Glavu alizivua kwa adabu.

Mama yake Obrad, Stamena, alimletea sinia ya mgeni: kijiko cha jamu ya mawaridi na glasi ya maji baridi yenye ukungu.

"Karibu, mwanangu. Kula, unywe."

Tijana alikula jamu. Glasi hakuigusa.

"Na maji."

"Asante mama, sina kiu."

Sina kiu! Katika nyumba ya Kiserbia maji yale hayanywewi kwa kiu. Ndiyo kusema nimeingia kwenu kwa amani. Angeweza kuomba ya vuguvugu, lakini angeulizwa kwa nini, mbele ya wageni kumi na wanane.

"Maji yetu yana harufu ya samaki?" Mama Stamena aliuliza, akitabasamu kwa meno tu.

Obrad alimvuta Tijana kando ukumbini.

"Umemwaibisha mama yangu."

"Nisamehe. Siwezi, Obrad."

"Huwezi nini? Glasi ya maji? Wiki hii huwezi maji, huwezi kushikwa mkono, wiki ijayo utakuwa asali. Na Jumanne simu imezimwa. Ni nani huyo wa Jumanne?"

"Hakuna mtu."

"Niapie."

Tijana alichukua koti lake akaondoka. Alilia ndani ya tramu, bila kujificha, na bibi mmoja akampa leso.

Katikati ya Januari, baada ya dripu ya tisa, alikuwa akishona kola ya hariri nyeupe alipoona doa jekundu. Likawa mawili. Sindano ilikuwa imezama kidoleni na hakuhisi chochote. Siku za kuogopa baridi baada ya dripu zilikuwa zimepita, lakini ganzi haikuondoka. Alikwenda kliniki, na daktari aliamua hapo hapo: platini basi, ile nyingine itaendelea. Ganzi huenda ingechukua miezi kupungua, huenda isiishe yote.

Tijana alitoka nje ya kliniki akapiga simu.

"Obrad, usikate. Jumanne ninakwenda hospitali. Nina saratani. Nilikuwa nayo, sijui niseme vipi. Dawa ndiyo inanikataza baridi. Maji ya mama yako, mikono yako, ni hiyo."

Zilisikika kelele za soko.

"Tangu Septemba nakuumiza," Obrad alisema, "na wewe unanyamaza?"

"Niliogopa ungeanza kunionea huruma."

"Nitakuonea. Si mara kwa mara. Wewe ni msumbufu mno." Sauti yake ilikatika. "Jumanne ni saa ngapi?"

Jumanne hiyo Obrad alifika na koti lake safi la Jumapili, Zorka akamsimamisha mlangoni.

"Ndugu tu ndio wanaoingia. Wewe ni nani wake?"

Obrad alimtazama Tijana.

"Ni mume wangu," Tijana alisema kutoka kwenye kiti.

"Faili linasema hujaolewa."

"Hajaniomba. Sijui anasubiri nini."

"Dawa ziishe," Obrad alisema, uso umemwiva.

"Zitaisha Februari. Halafu ni vipimo miaka mitano, na inaweza kurudi. Utasubiri yote hayo?"

"Sisubiri. Nakuomba sasa hivi, nesi akiwa shahidi. Nikuoe?"

"Nioe."

Zorka alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Kisha alifungua faili kwenye ule mstari uliobaki mtupu tangu Septemba, wa mtu wa kuarifiwa hali ikiwa mbaya.

"Jina kamili, bwana. Na namba ya simu ambayo haizimwi."

Obrad aliitaja polepole, tarakimu moja moja, akahakikisha imeandikwa sawa.