Mgonjwa Mwenye Meno Mazima

Kliniki ya meno siku ya Jumatatu ni vurugu tupu, na Jumatatu ile kompyuta nazo zikagoma. Ukumbi ulijaa pomoni. Huku shavu limevimba, kule mtoto analia, na bibi mmoja kashika taya anamlaani aliyevumbua kompyuta. Nyuma ya dirisha la mapokezi alisimama binti mmoja, blauzi ya kijani, nywele mabutu mawili, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alitabasamu kwa nguvu zake za mwisho.

Ndipo akaingia kijana mrefu, shati la mistari, begi la kompyuta begani. Akaipita foleni yote mpaka dirishani.

"Kaka, foleni inaanzia mlangoni."

"Mimi siumwi jino, dada. Mimi ni fundi wa seva."

"Ala! Kumbe wewe ndiye unayetuumiza wote. Pita!"

Watu wakacheka. Fundi akavuta kiti karibu na binti, karibu kuliko kazi ilivyotaka, akaanza kubonyeza.

"Nawasha logi za kina," akamweleza. "Kwa kawaida seva huandika makosa tu. Sasa nimeiambia iandike kila hatua ya programu ya miadi. Nani kafungua faili gani, programu imejibu nini, imekwama wapi."

"Kila ninachobonyeza kinaandikwa?"

"Kila kitu."

"Makubwa! Kama mama mkwe."

Kabla ya saa sita kosa likapatikana. Programu ilikuwa inasubiri jibu la printa iliyong'olewa zamani, na kila mgonjwa akisajiliwa, inasubiri tena. Fundi akaifuta ile printa kwenye programu na foleni ikaanza kwenda. Halafu akaomba namba ya simu.

"Ya kazi au ya nyumbani?"

"Ile utakayopokea."

Akapewa.

Sasa hapa ndipo penye kisa. Fundi yeyote anajua kwamba kosa likishapatikana, logi za kina huzimwa. Ukiziacha zinajaza diski, na baya zaidi, zinaanika mambo ya watu. Huyu alijua, na hakuzima. Asubuhi, akiwa ofisini kwake upande wa pili wa mji, alipenda kuona akaunti ya binti ikijitokeza kwenye ile mistari. Ikijitokeza tu, anapiga.

"Habari ya asubuhi, malaika. Umeshakaa?"

"Jamani! Umejuaje? Ndiyo kwanza naketi."

"Moyo umeniambia."

Moyo gani! Lakini binti alifurahi, akawasimulia hata wenzake. Mapenzi yakakolea. Jioni walitembea mkono kwa mkono wakitazama madirisha ya maduka, na kijana hakukawia kusema lake.

"Nataka niwalete wazee wangu kwenu, mpenzi."

"Kwetu utamkuta mama tu. Baba alituacha nikiwa darasa la kwanza." Akaachia mkono wake, akajifanya anatafuta kitu mkobani. "Usinichimbe zaidi, tafadhali."

Hakumchimba. Alirudi kuisoma seva.

Na mwenye kuchungulia hakosi kuona. Fundi aliona kuna faili moja, la mwanamume, ambalo akaunti ya binti ililifungua mara kwa mara, hata siku ambazo mgonjwa huyo hakuwa na miadi. Bwana huyo alikuja, akakaguliwa, meno mazima. Akaja tena, meno mazima. Na kila akipangiwa saa, akaunti ile ile ilimsogeza awe mgonjwa wa mwisho wa siku, ukumbi ukiwa mtupu.

Damu ikamchemka. Akapiga simu.

"Leo nije nikuchukue, malaika?"

"Leo nitachelewa, mpenzi. Kuna kitu namalizia."

"Kitu gani?"

"Kazi tu, jamani."

Kazi tu! Akampigia dada yake, mkubwa wake kwa kuzaliwa, mwanamke asiyezunguka mbuyu.

"Muulize," dada akamwambia.

"Nikimuuliza atataka kujua nimejuaje."

"Kwani umejuaje?"

Akakata simu.

Jioni alikuwa nje ya kliniki, anachungulia kioo. Alimwona bwana wa makamo, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, ameegemea dirisha la mapokezi anaongea kwa sauti ya chini. Alimwona binti ameinamisha kichwa, midomo imepakwa rangi asiyoipaka siku za kazi. Yule bwana alipotoka, binti akatoa leso na kufuta macho. Fundi akajirusha ndani.

"Huyo mzee ana jino gani lisilopona?"

"Mzee gani? Na umetokea wapi?"

"Huyo mwenye meno mazima! Unayemsogezea miadi mpate kubaki wawili. Unanifanya mjinga, sivyo?"

Binti alisimama taratibu. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anafikiri.

"Kusogeza miadi," akasema, "hata daktari sijamwambia. Hata mama. Wewe umeambiwa na nani?"

Fundi akaitupia jicho kompyuta ya mapokezi.

"Zile logi hukuzizima."

Fundi akarudi nyuma hatua moja.

"Kwa hiyo kila asubuhi, 'moyo umeniambia', ulikuwa unanichungulia? Na mimi nawasimulia watu kwamba nina mwanamume anayenihisi toka mbali!"

"Nilikuwa nakupenda tu, mpenzi..."

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize unidanganye?"

"Yule ni baba yangu," binti akasema. Ndipo machozi yakatoka kweli kweli. "Siku alipokuja kusajiliwa nikaona majina yake matatu. Hakunijua. Kila akija najiambia leo nitasema, halafu nashindwa. Hilo lilikuwa jambo langu, nalilea kimya kimya, na wewe umelisoma kabla sijalisema. Toka."

Alitoka, hana hata pa kuweka uso. Simu zake hazikupokewa. Usiku huo hakulala, na asubuhi alizima logi, akafuta zote za zamani, kisha akaenda mwenyewe kumweleza daktari na bosi wake alichofanya. Bosi alimtukana vya kutosha, akampokonya kliniki ile moja kwa moja. Akamwandikia binti hayo yote, bila kujitetea.

Siku zikapita mpaka akakata tamaa. Kisha simu ikalia.

"Umezima kwenye seva," sauti ikasema. "Kichwani je?"

Angeweza kuapa. Hakuapa.

"Kichwani bado kuna maswali. Lakini nitakuuliza wewe."

"Uliza moja."

"Kwa nini unashindwa kumwambia?"

Upande wa pili mlango ukafungwa, kisha binti akashusha sauti.

"Naogopa akijua ni mimi, hatarudi tena. Alishafanya hivyo." Akapenga kamasi. "Kesho anakuja. Njoo ukae kwenye benchi. Na usiseme neno."

Kesho yake ukumbi ulipokwisha watu, bwana wa suti ya kijivu akasogea dirishani. Binti akapiga moyo konde.

"Baba."

Yule bwana alishika ukingo wa dirisha.

"Mimi meno yangu hayana kitu, mwanangu," akasema. "Daktari ameshanichoka. Nilisikia unafanya kazi hapa, nikakosa njia nyingine ya kusimama mbele yako."

"Ulinijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilikujua mlangoni."

"Na ukanyamaza!" Binti alipiga dirisha kwa kiganja, akalia kwa sauti kama mtoto. Baba naye akalia, mtu mzima, machozi yanadondokea tai. Fundi alikaza macho sakafuni. Kuchungulia kwa zamani kulikuwa kumemtosha.

Walipotulia, baba akageuka. "Na kijana yule?"

"Mchumba wangu. Alidhani wewe ni bwana wangu." Binti akafuta uso. "Anataka kuposa. Ataposa kwa mama, maana mama ndiye aliyenilea. Wewe uje, Baba, lakini ukae na wageni."

"Nitakaa utakaponiweka," baba akajibu.

Fundi alikuwa ameambiwa asiseme neno. Akasimama.

"Siku gani?" akauliza.

Binti akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wagombane, hakuyakwepa macho yake.

"Jumamosi. Njoo na wazee wako."